Daftari Langu Lina Orodha Ileile Tangu 2019

Shikamoo Mama,

Mimi ni mwanamke wa miaka 39, mama wa watoto watatu. Ninaishi Ngamiani hapa Tanga na nimeajiriwa kama karani wa hesabu katika kampuni ya usafirishaji iliyo karibu na bandari. Nimeisoma safu yako kwa muda mrefu bila kuthubutu kuandika, kwa sababu wengi wanaokuandikia wana matatizo yanayoeleweka, ya ndoa, ya mirathi na ya wakwe, ilhali langu nikilisema kwa sauti linasikika kama deko tu. Hata hivyo linanikosesha raha, na sina mtu mwingine wa kumweleza asinicheke.

Kila mwaka, Desemba inapokaribia kwisha, huketi na daftari na kuandika mambo ninayotaka kuyabadilisha katika maisha yangu. Daftari ni lilelile la jalada gumu la bluu nililolianza Desemba 2019. Wiki iliyopita nilikuwa ninatafuta karatasi ya kuandikia mahitaji ya sokoni, nikalifungua, na kwa mara ya kwanza nikazisoma kurasa zote kwa mfululizo. Orodha ni ileile. Kuamka saa kumi na moja alfajiri na kutembea. Kupunguza chumvi na vya kukaanga. Kuweka benki shilingi 50,000 kila mwezi. Kusoma vitabu viwili kwa mwezi. Kuiweka simu chini ifikapo saa nne usiku. Kujifunza Kiingereza. Mwaka mmoja nimeandika kwa wino mwekundu, mwaka mwingine nimepigia mstari kila neno, lakini maneno hayajabadilika, na mimi sijabadilika.

Kila Januari ninaanza kwa nguvu. Niliwahi kusikia kwamba mtu akifanya jambo kwa siku 21 mfululizo linageuka kuwa tabia, basi huzihesabu siku hizo kwa vitiki pembeni mwa ukurasa, na kwa kawaida vitiki hukoma kwenye 16 au 17. Mume wangu si mtu mbaya, lakini mwaka huu aliponiona alfajiri nimevaa raba alicheka na kusema jasiri haachi asili, na kweli wiki ya tatu raba zilikuwa chini ya kitanda.

Mwaka jana kliniki walinipima presha kwa siku mbili tofauti wakaikuta imepanda. Nilipewa dawa, na daktari akanisisitizia chumvi na mazoezi. Presha ninaijua. Mama yangu alipata kiharusi akaishi miaka minne bila kuweza kujigeuza kitandani, na mimi ndiye niliyekuwa ninamuogesha. Kwa hiyo siwezi kudai kwamba sina sababu ya kujitunza. Ajabu ni kwamba zamani, nikiwa sekondari, nilikwenda na kurudi shule kwa baiskeli ya baba kila siku bila kujua kuwa ninafanya mazoezi. Siku hizi hata kazini ninakwenda kwa bajaji.

Usiku, watoto wakishalala, ninaishika simu kwa nia ya kutazama ujumbe mmoja, na nikija kushtuka ni saa saba. Sitazami jambo la maana. Ni mapishi, harusi za watu nisiowajua na watu wanaogombana. Labda ni kwa kuwa hiyo ndiyo saa pekee ambayo hakuna anayeniita. Kuhusu benki, akaunti yangu haijawahi kuvuka laki mbili, kwa kuwa kila nikiweka, mdogo wangu wa Muheza au shangazi wa Pangani hupiga simu, nami siwezi kusema sina wakati ninacho.

Kinachonichanganya ni kwamba mimi si mvivu. Mwezi wa Ramadhani huamka saa kumi usiku kuandaa daku bila hata kuamshwa na simu. Katika kikoba chetu, kikundi cha kuwekeana akiba, huu ni mwaka wa sita, sijakosa kikao cha Jumamosi wala kuchelewesha hisa. Hata wiki niliyojifungua mtoto wa mwisho nilimtuma dada yangu na fedha mkononi. Nidhamu hiyo hupotelea wapi ninaporudi kwenye mambo yangu mwenyewe?

Rafiki yangu wa kazini alinitumia mafundisho yanayosema kwamba mtu aanze kwa kujua anachokithamini zaidi maishani, kisha tabia zitafuata. Kulikuwa na orodha ya maneno zaidi ya mia moja, nami nilitakiwa kuchagua matano. Nilichagua uaminifu, familia, Mungu, mafanikio na upendo. Niliyaandika, nikayabandika kwenye mlango wa kabati, na hakuna kilichobadilika. Je, Mama, nina tabia mbaya isiyo na dawa, au kuna kitu ambacho sijakielewa?

Wako,
Mwenye Daftari, Tanga

JIBU

Marahaba mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na mara ya tatu nilikuwa na kalamu mkononi, nikipigia mstari yale uliyoyataja kwa kupita tu, kama mtu anayesalimia watu barazani bila kusimama. Nimeona kwamba uliyoyaorodhesha kwa makini hayaniambii mengi kukuhusu, na uliyoyapitia haraka ndiyo yenye habari. Ninaomba turudi kwenye hayo ya haraka.

Kwanza tuliweke sawa neno moja. Umeniuliza kama una tabia mbaya isiyo na dawa. Kiswahili chetu kimelitwika neno “tabia” mizigo miwili: mwenendo wa mtu, yaani utu wake, na vitendo vidogo anavyovirudia kila siku bila kufikiri. Ndiyo maana tukisikia “yule ana tabia”, hata kabla ya sentensi kwisha tunajua kwamba mtu anasemwa. Anayelemewa na simu usiku, akaambiwa hiyo ni tabia, husikia kwamba ameharibika yeye mzima. Katika jibu hili nitatumia neno “mazoea”, kwa kuwa mazoea ni kitu ambacho mwili na akili vimekizoea, na kilichozoewa kinaweza kuzoewa upya. Jasiri asiyeacha asili mwachie mumeo na utani wake. Raba kukaa chini ya kitanda si asili ya mtu yeyote.

Tuje kwenye maneno yako matano. Rafiki yako hakukudanganya, kwa sababu mazoea yasiyoshikamana na kitu ambacho mtu anakithamini kweli hukatika mapema. Tatizo liko kwenye njia uliyopewa ya kukitafuta kitu hicho. Uaminifu, familia, Mungu, mafanikio na upendo ni maneno ambayo simjui mtu wa Ngamiani atakayeyakataa akiwekewa mezani. Mtu akipewa maneno mia achague, atachagua kama anavyochagua kitenge cha sherehe, yaani kile anachotaka kuonekana nacho. Hata mimi yamenikuta. Nilipokuwa bado ninafundisha chuo cha ualimu tuliletewa zoezi kama hilo kwenye semina, nami nikaandika “subira” juu kabisa ya karatasi. Jioni binti yangu, aliyekuwa na miaka kumi na miwili, aliikuta karatasi hiyo kwenye meza ya chakula akacheka mpaka akakaa chini. Alikuwa na haki ya kucheka, kwa sababu subira nilikuwa ninaitamani tu. Sikuwahi kuacha kitu chochote kwa ajili yake. Wapo pia wanaoshauri mtu afikirie atakavyosemwa siku ya msiba wake, lakini kwa watu wa kwetu zoezi hilo halisaidii, kwa kuwa msibani kila marehemu alikuwa mtu wa watu.

Mimi napenda neno “tunu”. Bibi zetu walikuwa na sahani ya tunu, iliyokaa kabatini na haikutolewa kwa kila mgeni, na mtoto aliyeigusa alijua yatakayompata. Kilichoifanya iwe tunu si maneno yaliyosemwa juu yake. Ni uangalizi, na hasira iliyokuwa tayari kumwakia mtu akiivunja. Tunu za maisha yako hujulikana vivyo hivyo. Tazama umelipia nini bila kusukumwa, na tazama ni kitu gani kikiguswa unaumia kuliko inavyoelekea.

Ndiyo sababu nilisimama kwenye kikoba. Miaka sita, kila Jumamosi, na wiki ya uzazi fedha zikatumwa kwa mkono wa dada. Mwanangu, hayo ni mazoea yaliyokomaa kuliko yote uliyoyaandika katika daftari la bluu, na hukuyahesabu kwa sababu hayakukusumbua. Hebu ukiangalie kikoba chenu kama mtu anayekiona mara ya kwanza. Vikoba vingi vina sanduku la chuma lenye kufuli tatu, na funguo zake hushikwa na wanachama watatu tofauti, hivyo kwamba asipofika mmoja sanduku halifunguki. Hisa huhesabiwa kwa sauti mbele ya wote na kuandikwa kitabuni. Anayechelewa hulipa faini, na faini yenyewe ni ndogo kiasi kwamba haiwezi kuwa ndiyo inayomtoa mtu nyumbani kwenye jua la saa nane. Basi ni nini kinachokutoa? Jiulize swali hili peke yako, bila haraka: kama ungekosa kikao bila taarifa, ni sura ya nani ingekujia kwanza, na ungeona aibu ya nini hasa? Kwa nilivyokusoma, ninadhani ungeona umevunja neno lako mbele ya wanawake wanaolitegemea. Ninaweza kuwa nimekosea, na wewe ndiye mwenye jibu, lakini kama nimepatia, basi tunu yako ya kwanza si “uaminifu” ule wa kwenye mlango wa kabati. Ni jambo mahususi zaidi: kuwa mtu ambaye wengine wakimhesabu, hesabu inatimia.

Sasa chukua sentensi hiyo uipeleke kwenye raba zako za alfajiri. Saa kumi na moja, peke yako, barabarani, ukitimiza neno ulilompa daftari. Hakuna aliyekuhesabu. Hukushindwa kwa uvivu. Kitendo chenyewe hakikugusa kitu unachokijali, na ukichunguza utaona kwamba hata saa hiyo hukuichagua wewe. Saa kumi na moja ni saa ya watu wanaosimulia mafanikio yao, na wewe uliikopa kwao.

Jambo hili limewahi kupimwa. Mwaka 1999 wanasaikolojia wawili wa Marekani, Kennon Sheldon na Andrew Elliot, walichapisha matokeo ya kuwafuatilia wanafunzi wa chuo kikuu na malengo waliyojiwekea. Malengo yaliyotokana na yale ambayo mtu mwenyewe anayapenda na kuyaamini yalipata juhudi iliyodumu na yalifikiwa zaidi, kuliko yale yaliyobebwa kwa shinikizo la watu au kwa kuogopa kujilaumu. Angalia sehemu hiyo ya mwisho, maana ndiyo inayokuhusu. Mtu anaweza kujishinikiza mwenyewe, bila mwingine kumgusa, na shinikizo hilo likafanya kazi ileile mbaya.

Na zile siku 21 zifute. Ziliingia katika maneno ya watu kutokana na daktari wa upasuaji wa urembo wa Marekani, Maxwell Maltz, aliyeandika mwaka 1960 kwamba wagonjwa wake huchukua angalau siku kama 21 kuizoea sura mpya. Baadaye watu walilidondosha neno “angalau” na wakausahau uso. Watafiti wa University College London, wakiongozwa na Phillippa Lally, walipowafuatilia watu 96 kwa wiki kumi na mbili na kuchapisha matokeo yao mwaka 2010, waliona kwamba jambo dogo la kila siku lilichukua siku 18 kwa mwepesi kuliko wote, na kwa mzito zaidi hesabu ilionyesha kwamba zingehitajika siku 254. Kiwango cha kati kilikuwa siku 66. Waliona pia kwamba kuruka siku moja hakukuharibu kitu. Wewe umekuwa ukiacha kwenye siku ya 16 au 17, yaani kabla hata ya yule mwepesi hajafika, kisha unajihukumu kwa kipimo kilichotokana na makovu ya upasuaji.

Kuhusu daku, sitailinganisha faradhi na matembezi. Lakini kuna jambo moja humo ambalo watu wa pwani mnalijua na hamlitumii kwingine. Katika madhehebu ya Shafi, ambayo wengi wa huku wanayafuata, nia ya funga ya Ramadhani huwekwa kila usiku kwa ajili ya kesho yake. Mwezi wote unajulikana kuwa ni wa funga, na bado mja hutakiwa aijue na aikusudie siku moja moja. Wewe nia yako ya mambo mengine unaiweka mara moja, Desemba, kisha unalifunga daftari.

Sasa nifike kwa mama yako, Mungu amrehemu. Ulimweka katikati ya aya ya presha, sentensi moja, kisha ukahamia kwenye baiskeli. Nimekaa sana na sentensi hiyo. Umeichukulia kama sababu ya kuogopa, na hofu ni kweli inaamsha watu. Tumewaona waliorudi kuzika ndugu aliyefariki kwa kisukari, wakaacha soda kwa wiki mbili, kisha mambo yakarudi yalivyokuwa. Hofu huisha mtu akishaizoea. Lakini miaka minne ya kumgeuza mtu kitandani na kumuogesha ilikufundisha kitu kingine, nacho ndicho ninachotaka ukitafute. Huenda kilichokuuma zaidi kilikuwa kuona mama aliyekuwa akifanya kila kitu kwa mikono yake akiomba maji. Huenda kilikuwa ni kule kubaki peke yako na kazi hiyo wakati ndugu wengine wakituma salamu. Hayo ni mambo mawili tofauti, na kila moja linaelekea kwenye tunu yake: la kwanza kwenye kujitegemea, la pili kwenye haki baina ya ndugu. Ukijua ni lipi, utajua unatembea kwa ajili ya nini, na pia utajua kwa nini simu ya Muheza inakutikisa hivyo.

Kwa hiyo kazi ninayokupa ni hii. Ligeuze daftari la bluu, uanze kuandika kutoka nyuma. Usiandike malengo. Andika matukio matatu ya maisha yako ambayo ulipokuwa ndani yake ulijisikia kwamba hapa ndipo mahali pako, hata kama ulikuwa umechoka au unalia, na uyaandike kwa urefu, nani alikuwepo, mlikuwa mmekaa wapi, ulifanya nini kwa mikono yako. Kisha andika matatu yaliyokuchoma kuliko ambavyo wengine walidhani yanastahili kukuchoma. Acha yakae siku tatu. Ukiyarudia utaona neno au sura inayojirudia, na hapo ndipo utunge sentensi mbili, zisizidi tatu, zinazoanza na “Ninataka kuwa mtu ambaye”. Kila sentensi ipime kwa swali moja: kwa ajili yake niko tayari kukataa nini? Ikiwa huoni chochote cha kukataa, hiyo ni kitenge cha sherehe, irudishe dukani.

Ukishazipata, ndipo uifungue ile orodha ya zamani na uipitishe mbele ya sentensi hizo, jambo moja moja. Nitakuonyesha ninavyoiona mimi kwa niliyoyasoma, ili upate mfano, si ili uninakili.

Vitabu viwili kwa mwezi na Kiingereza, vifute. Hakuna mstari hata mmoja wa barua yako uliogusa mambo hayo kwa upendo au kwa maumivu. Yamo kwenye orodha kwa sababu yamo kwenye orodha za watu. Siku yakiwa yako yatarudi yenyewe.

Fedha ndizo zilizonipa kazi. Umejiandika kuwa hujui kuweka akiba, na wakati huohuo una miaka sita ya hisa. Ukweli ni kwamba fedha za benki hazilindwi na kitu unachokithamini, ilhali mdogo wako wa Muheza analindwa. Undugu kwako ni tunu, na kila simu ikiita tunu hiyo inapambana na tarakimu kwenye akaunti; haishangazi kwamba tarakimu hushindwa. Hapa usijifundishe kusema hapana, kwa sababu utasema mara mbili kisha utalia. Fanya kama vikoba vinavyofanya. Kila kikao mnatoa hisa, lakini pembeni mnatoa pia kiasi kidogo cha mfuko wa jamii, ili mwenzenu akifiwa au akiuguliwa hisa zisiguswe. Nyumbani kwako hakuna mfuko wa jamii, kwa hiyo kila shida ya ndugu inakula hisa. Tenga fungu la ndugu, kiasi ambacho mshahara wako unakiweza, kilicho mbali na zile 50,000, na hata 50,000 zenyewe zipunguze zikibidi. Shangazi akipiga simu, mpe kutoka kwenye fungu hilo kwa moyo mweupe. Likiwa limekwisha, mwambie mwezi huu limekwisha, nalo litakuwa neno la kweli ambalo halikutaki uwe mtu mwingine.

Kuhusu simu ya usiku, nimeipigia mstari mara mbili ile sentensi ya kwamba hiyo ndiyo saa pekee ambayo hakuna anayeniita. Nilidhani ninasoma kuhusu simu, kumbe ninasoma kuhusu mwanamke asiye na dakika yake. Kitu unachokitafuta saa tano usiku ni halali kabisa, ila umekitafutia mahali pabaya, kwa kuwa unakilipia kwa usingizi na humo ndani ya simu bado kuna makelele ya watu. Ukiifungia simu kabatini bila kuipa nafsi yako saa yake, utaitafuta usiku wa tatu. Zungumza na mumeo mkubaliane nusu saa baada ya chakula cha usiku ambapo watoto wote ni wake, hata wakiuliza daftari la hesabu liko wapi, na wewe uketi uani na kikombe cha chai, ukifanya jambo au usifanye lolote. Yeye aliyecheka alfajiri anaweza kuifanya kazi hiyo usiku. Ikiisha miezi miwili ndipo uone kama simu bado ina nguvu ileile.

Presha ndilo jambo lisilo na hiari. Dawa ulizopewa usiziache kwa sababu yoyote bila kuonana na daktari, hata ukijisikia mzima, na siku za kliniki uzishike kama unavyoshika Jumamosi. Kuhusu chumvi sitasema mengi: Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asifikishe gramu 5 kwa siku, yaani chini ya kijiko kimoja cha chai kwa vyakula vyote pamoja, na usijipikie chungu chako peke yako kama mgonjwa, punguza katika chungu cha wote, kidogo kidogo, nao watazoea bila kutangaziwa.

Mazoezi, Shirika hilohilo linataka angalau dakika 150 kwa wiki za kuutaabisha mwili kwa kiasi, ambazo ni nusu saa kwa siku tano. Hakuna mahali palipoandikwa alfajiri. Na wewe umeniandikia kutoka Tanga, mji ambao watu wa mikoa mingine wakifika hushangaa wingi wa baiskeli zake, ukaniambia kwamba ulikuwa unakwenda shule kwa baiskeli ya baba na siku hizi unapanda bajaji kwenda kazini. Sentensi hiyo ndiyo pekee katika barua nzima ambamo nilisikia ukitabasamu. Siijui njia yako kwa urefu wake, lakini kutoka Ngamiani mpaka bandarini na kurudi si safari ya kumshinda aliyekuwa akiendesha baiskeli ya mtu mzima akiwa na sare ya shule. Kama katika yale matukio matatu utajikuta umeandika kuhusu baiskeli hiyo, na mimi ninabashiri kwamba utaandika, basi jibu umelipata kabla yangu: unapokwenda kwa nguvu za miguu yako mwenyewe, bila kumngoja mtu, unafanya kwa mwili jambo ambalo mama yako alinyang'anywa. Muulize daktari wako kwanza kama presha yako imetulia kiasi cha kuruhusu. Akikubali, mtafute mwenzako mmoja wa kikoba mwenye baiskeli anayeelekea upande huo asubuhi, akungoje kwenye kona, maana ukishajua kuna mtu anakuhesabu ninajua kwamba utatokea.

Anza na hilo moja. Fungu la ndugu lifuate mshahara ujao, na mengine yangoje. Usiku kabla ya kulala, sema moyoni kesho unakwenda kwa nini, kwa maneno ya sentensi yako, kama unavyoweka nia ya funga. Siku ya mvua panda bajaji bila kujieleza kwa mtu.

Niandikie mtakapokuwa mnavunja kikoba na kugawana akiba mwishoni mwa mwaka, uniambie ni sentensi gani ulizoandika nyuma ya daftari. Kurasa za mbele usizichane. Na baiskeli ukiipata, hata ikiwa ni ya baba iliyokuwa stoo, mpelekee fundi aikague breki zote mbili kabla hujaipanda, kwa sababu barabara ya bandarini ina malori, na madereva wake hawakungoji.